Mimba imeandikiwa "hatarishi": bado unaweza kupokewa na mkunga?

Mama mmoja wa Kojani, kisiwa kidogo cha Pemba, alikuja kliniki na mimba ya saba, wiki ya 32. Alikuwa amevuka kwa mashua alfajiri, akadandia gari ya abiria, na kadi yake ya kliniki kaifunga kwenye ncha ya kanga ili isiroe. Juu ya kadi palikuwa na maandishi ya kalamu nyekundu: mimba hatarishi, akajifungulie hospitali. Akaifungua ile ncha, akaniwekea kadi mezani, akaniuliza: "Bi mkunga, sita nimezaa salama na wote wamepokewa na wakunga. Huyu wa saba ndio nikapasuliwe?"

Kadi haikusema kupasuliwa. Ilisema hospitali. Lakini yeye, kama kina mama wengi ninaokutana nao Unguja na Pemba, alikwisha kulisoma neno "hatarishi" kama hukumu: daktari, kisu, kulazwa chali, kuachwa peke yake. Na mama aliyelisoma hivyo, uchungu ukianza hunyamaza. Hujikaza mpaka kichwa kiko njiani, ndipo aite watu, akijua kwamba saa hiyo hakuna tena wa kumpeleka popote. Tukimwita mkaidi tunakosea. Amekimbia kitu anachokiogopa, na hakuna aliyemuuliza ni kitu gani.

Nilimwambia tutenganishe maswali mawili. La kwanza, wapi. La pili, mikono ya nani. Neno "hatarishi" linajibu lile la kwanza: uzae pahala penye chumba cha upasuaji, damu ya kuongezea, na mtu wa kukufikia ndani ya dakika chache. La pili halilijibu. Katika wodi zetu za wazazi, mwanamke anayezaa kwa njia ya kawaida hupokewa na mkunga, awe kaandikiwa hatari au hakuandikiwa, na daktari huitwa panapotokea jambo. Kwa hivyo mama wa mimba ya saba hana haja ya kuchagua baina ya hospitali na mkunga. Vyote viwili vimo katika jengo moja.

Kwengine hali ni tofauti, na nalitaja kwa sababu wengi wenu mnasoma habari za huko kwenye simu. Uingereza kuna vituo vya uzazi vinavyoendeshwa na wakunga peke yao, na mama aliyeandikiwa hatari hulazimika kuomba akubaliwe humo, akae na mkunga mwandamizi, waandikiane mpango. Utafiti mkubwa uliotolewa huko mwaka 2011, uliofuatilia uzazi zaidi ya 64,000, ulionesha kuwa vituo hivyo ni salama na vina upasuaji mchache, lakini uliwahusu wanawake wa hatari ndogo. Usichukue matokeo yale ukayavisha mimba ya mwenye kovu la upasuaji, kisha ukajifungulia kijijini ambako gari la wagonjwa linangojea mashua.

Sasa, kwa nini mimba ya saba iandikiwe hatari na hali sita zimepita salama? Kwa sababu mfuko wa uzazi ni msuli, na msuli uliofanya kazi hiyo mara nyingi unaweza kuchelewa kukaza mtoto akishatoka. Pale kondo lilipokuwa limeshika panabaki mishipa iliyo wazi, na kinachoifunga hasa ni mfuko kukaza. Usipokaza, damu hutoka kwa kasi ambayo mtu mzima humalizika kabla gari halijapatikana. Baada ya kumpokea mtoto mimi huweka kiganja chini kidogo ya kitovu cha mama. Mfuko uliokaza unaushika kama embe bichi. Uliolegea unatitia mkononi kama unga uliozidi maji, na hapo hapo naanza kuusugua, huku mwenzangu akichukua dawa. Kazi hiyo ni ya mkunga kwa ukamilifu wake. Lakini inataka sindano ya oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko, iliyohifadhiwa baridini, dripu, na damu iwapo mambo yatakataa.

Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na kwetu Tanzania, likihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Wazazi walitandikiwa mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, na damu ilipofika kiasi kilichowekwa, wahudumu walitoa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya moja. Matokeo mabaya ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Kipimo kilisaidia kubadilisha mambo: macho yetu, hata ya wazoefu, hukadiria damu kwa uchache kuliko ilivyo.

Mwafaka niliofikia na yule mama wa Kojani tuliuandika kwenye kadi yake. Atazalia hospitali ya wilaya. Atapokewa na mkunga. Atatembea na kujifungua kwa mkao autakao, awe amepiga magoti au ameegemea, alimradi mapigo ya mtoto yanasikilizwa. Sindano ya mshipa itawekwa mapema ila bila dripu ya uchungu, kwa sababu mfuko uliozaa mara nyingi ukichochewa kwa nguvu unaweza kupasuka. Atachomwa oksitosini uniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Mamake atakaa naye, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mzazi awe na mtu wake anayemtaka. Kwa upande wake alikubali kunywa vidonge vya damu kila siku, kwani damu yake ilikuwa 9 na mja mzito anatakiwa asishuke 11, na kuhamia kwa shangazi yake Wete wiki ya 37 ili bahari isiwe baina yake na sisi.

Huo ndio mfano wa kukubaliana: kila upande umetoa kitu.

Kovu la upasuaji ni kesi nyengine, nzito zaidi. Mwanamke aliyepasuliwa mara moja, na mfuko ukachanwa upande kwa upande chini, anaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Takwimu za Uingereza zinasema kati ya wanaojaribu, 72 hadi 75 katika kila 100 hufaulu, na waliowahi kuzaa kawaida hata kabla ya kupasuliwa hufaulu zaidi. Kovu huachia kwa kiasi cha mmoja katika 200. Ni wachache, lakini hesabu hizo ni za mahali ambapo chumba cha upasuaji kiko hatua chache na mtoto anafuatiliwa muda wote. Ukizalia nyumbani, yule mmoja ndiye atakayezikwa.

Na hapa pana jambo ambalo huwashangaza wengi: kovu la ngozi si ushahidi wa kovu la ndani. Unaweza kuwa na mchano wa kulala juu ya ngozi na ndani mfuko ukawa umechanwa wima, na mfuko uliochanwa wima juu haujaribiwi. Kwa hivyo itunzeni ile karatasi mnayopewa siku ya kuruhusiwa hospitali. Nimeiona ikifungiwa karanga. Ikipotea, rudi ulikopasuliwa uombe rekodi mapema, wiki ya 20 na kitu, usingoje mwezi wa tisa.

Yapo yasiyo na mwafaka, na nitayasema bila kuzunguka. Kondo lililoziba njia. Mtoto aliyelala kingamo uchungu umeanza. Presha ya 160 kwa 110 na kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli. Mfuko uliowahi kupasuka. Hapo mkunga anayekwambia "tutajaribu" anakudanganya, na mimi nisingemkabidhi mwanangu.

Pahala pengi mazungumzo huharibika kwa namna yanavyoanza. Mama husema "mie sitaki kupasuliwa", mhudumu husikia ubishi, naye hujibu "basi uzae kwenu". Afadhali useme unachokiogopa: "Mara iliyopita nililazwa chali siku nzima, naogopa." Kisha uliza: ni kitu gani hasa kimeniweka kwenye hatari, na ni nini kikitokea ndio mtabadilisha mpango? Mkunga anayejua kazi yake atakujibu kwa utulivu. Asipokujibu, omba kuonana na mkubwa wa zamu au daktari wa kliniki, na lile mlilokubaliana liandikwe kwenye kadi, maana mkunga wa zamu ya usiku hakuwepo mlipozungumza.

Nanyi wakunga wenzangu, jueni kuwa mama anayeuliza ni mama ambaye atakuja. Aliyekwisha kukatishwa tamaa haulizi.

Waume tuwaweke sawa mapema. Nimekaa na mzazi aliyehitaji upasuaji na mumewe yuko dago, kambi ya wavuvi, simu haishiki, na mawifi wanasema asubiriwe. Ridhaa ni ya mama mwenyewe. Mwili ni wake. Lakini kwa amani ya nyumba, mume aseme kabla hajaondoka, mbele ya mama yake na mkewe, kwamba daktari akisema apasuliwe, apasuliwe. Aache na pesa za gari, na watu wawili wa kutoa damu wajulikane kwa majina.

Kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya, na dua hatugombani nazo. Mizizi ya kuongeza uchungu, hapana, hasa kwa mwenye kovu au mwenye watoto wengi: haina kipimo, na inaukaza mfuko bila kuupa nafasi ya kupumua. Ukishaipewa, tuambie. Hatutakukaripia, tunataka kujua tunapambana na nini.

Mama wa Kojani alishikwa na uchungu usiku wa wiki ya 39, kwa shangazi yake. Alizaa amepiga magoti, kashika ukingo wa kitanda, mamake akimfuta jasho. Mfuko ulilegea baada ya dakika kumi. Tuliusugua, tukaongeza dawa kwenye ile sindano ya mshipa iliyokuwa tayari mkononi mwake, ukakaza. Daktari aliitwa, akaja, akaangalia kipimo cha damu, akasimama nasi mpaka tuliporidhika, na hakukuwa na kisu.