Wimbo Ule Haukumhusu Mtu, Tafadhali

Nimeulizwa tena. Safari hii ni bwana mmoja mwenye heshima zake. Kanishika mkono ukumbini baada ya shughuli, kaninong'oneza: "Mzee, tuambie ukweli. Ule wimbo ulimtungia nani hasa?" Nikamjibu ukweli mtupu: nilimtungia mtayarishaji wa tamthilia, aliyetaka kitu cha dakika mbili na nusu, mwanamke yuko dirishani, mume hajarudi, malipo nusu kabla na nusu baadaye. Akacheka, akanipiga bega, akaondoka haamini hata neno moja.

Huwa hawaamini. Wimbo ukishamchoma mtu, anataka lazima awepo mwingine aliyechomwa kabla yake, tena awe mtunzi mwenyewe, na awepo mwanamke mwenye jina na mtaa anaokaa. Ukimwambia hapakuwa na mwanamke, anaona unamficha. Nimechoka kubishana ukumbini huku watu wanakunja viti, kwa hiyo nitabishana hapa, na shahidi wangu ni Sammy Cahn.

Kwa ufupi, kwa wasiomjua: alizaliwa New York mwaka 1913, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Galicia, jimbo la Ulaya ya Mashariki, akafariki mwaka 1993. Alikuwa mtunzi wa maneno. Muziki uliwekwa na wenzake, hasa Jule Styne na baadaye Jimmy Van Heusen. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ya filamu, alichukua Oscar nne za wimbo bora, na mwimbaji maarufu Frank Sinatra alimtegemea kwa miaka mingi. Mwaka 1974 alitoa tawasifu yake, *I Should Care*. Hicho ndicho kitabu ninachowaazima vijana wanaotaka kujifunza utunzi, na kila kikirudi kinarudi na lawama ile ile: humu hamna mapenzi, mna simu na pesa.

Ndiyo. Mna simu. Cahn alipoulizwa kinachotangulia ni maneno au muziki, alizoea kujibu kwamba kinachotangulia ni simu. Watu hucheka wakidhani ni mzaha. Sisi wa kazi hii tunajua alikuwa anajibu swali.

Tazama wimbo wa *Three Coins in the Fountain*, uliompa Oscar ya kwanza kwa filamu ya mwaka 1954. Cahn na Styne walikuwa wameajiriwa na kampuni ya filamu ya Fox kuandika nyimbo za filamu ya mwigizaji Marilyn Monroe. Monroe hakutokea kazini, kazi ikalala, wao wamekaa tu. Akaingia mtayarishaji anayehitaji wimbo wa kufungulia filamu nyingine kabisa. Filamu yenyewe hawakuonyeshwa. Kwa maelezo ya Cahn, walichopewa ni jina, na kwamba kuna wasichana watatu wako Roma wanatupa sarafu kwenye chemchemi. Basi. Maneno yakaandikwa kwa hicho kidogo. Leo nenda ukasikilize watu wanavyouzungumzia wimbo ule, utadhani mtunzi alikesha ukingoni mwa chemchemi ya Trevi anamlilia Mtaliano.

Au ule wa theluji ambao dunia nzima huuimba Krismasi, *Let It Snow*. Si wa filamu, lakini ni wa Cahn na Styne hao hao, na waliuandika Hollywood mwezi wa Julai 1945, joto limewatoa jasho. Hapo walau hisia za kweli zilikuwepo: hamu ya baridi.

Sasa wasomaji wangu hugawanyika. Wapo wasioamini, nimekwisha kuwasema. Wapo wanaoamini kupita kiasi, na hawa ndio wanaoniudhi zaidi. Wakishajua kwamba wimbo uliagizwa, wanahitimisha kwamba basi ni uongo, ni biashara, mtunzi hana moyo. Yaani kwao kuna aina mbili tu: anayelia kwelikweli, na tapeli.

Wimbo wa filamu una mabwana wawili, na hawapatani. Bwana wa kwanza ni hadithi. Wimbo ukiingia lazima ufanye kazi ambayo maneno ya kawaida yameshindwa kuifanya pale. Ukiondolewa na hadithi ikaendelea bila kuumia, haukuwa na haja. Bwana wa pili ni redio. Wimbo huo huo utoke kwenye filamu, uimbwe na mtu asiyejua filamu, usikiwe na mtu asiyejua filamu, na bado uwe na maana. Kwa hiyo humtaji mhusika, humtaji mji wake wala ugonjwa wake, ila kila neno limkae yeye kwanza. Kuandika kitu kinachomkaa mtu mmoja barabara, halafu kikawakaa na maelfu wengine wasiomjua, ni kazi ngumu kuliko kumwaga machozi yako mwenyewe. Ya kwako unayamwaga tu. Nimesikia mengi yaliyomwagwa.

Wimbo wa *All the Way* ni mfano mzuri. Filamu ya mwaka 1957, *The Joker Is Wild*, inamhusu Joe E. Lewis, mtu wa kweli, mwimbaji wa vilabu vya Chicago aliyekatwa koo kwa kisu mwaka 1927, akanusurika na kugeuka mchekeshaji. Sinatra ndiye aliyemwigiza. Cahn alieleza kwamba walihitaji wimbo wenye mruko mkubwa wa sauti, ili mhusika akiuimba baada ya kujeruhiwa ashindwe kuufikia. Yaani mruko ule unaowatoa watu machozi harusini uliwekwa pale ili koo bovu lianguke. Mtu aliyeoa kwa wimbo huo anaambiwa habari hii anakasirika, kana kwamba amedanganywa. Kadanganywa nini? Wimbo unasema mapenzi yawe ya kwenda mpaka mwisho wa safari, na umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye sauti yake haiwezi tena kufika mwisho. Ungepata wapi hisia kubwa kuliko hiyo katika shajara ya mtunzi?

Hali ni hiyo hiyo kwa *Call Me Irresponsible*. Watu wanausikia kama ungamo la mwanamume aliyewachosha nyumbani kwake. Cahn na Van Heusen walimwandalia mwigizaji Fred Astaire kwa ajili ya filamu, mikataba ikamzuia, filamu ikaenda kwa mwenzake Jackie Gleason mwaka 1963. Mhusika ni baba mpenda chupa. Ungamo ni lake huyo baba, si la mtunzi.

Hapa pwani tungepaswa kulielewa hili kuliko Wamarekani. Taarabu imeishi kwa kuagizwa. Mtu anakuja na jambo lake, kaudhiwa na jirani au kaachwa, anataka liwekwe kwenye beti. Mtunzi anaazima jambo, analivalisha, analirudisha. (Siku hizi wanataka na mgomvi atajwe jina waziwazi, lakini hilo nitaliandikia siku nyingine nikiwa nimelala vizuri.) Tofauti ya filamu ni moja: mwenye jambo mara nyingi hayupo duniani, kwa hiyo hawezi kuja kulalamika.

Halafu kuna jambo ambalo mashabiki hawalioni kabisa, na ndilo linalokula saa zetu: silabi. Chukua mstari huu, "Mwenzio nakufa." Mkazo uko kwenye "ku". Sasa mahadhi uliyopewa, pengine ya sinema ya Kihindi, maana pwani tumetungia juu ya mahadhi hayo tangu zamani na Juma Bhalo wa Mombasa alijijengea jina kwayo, yanaweka noti ndefu kwenye silabi ya mwisho. Mwimbaji anavuta: "Mwenzio nakufaaa." Basi umekwisha. Ulitaka mtu mahututi, umepata mtu anayejinadi kwamba anamfaa mwenzake. Unajaribu "taabani", maana inakubali, lakini ile "i" ya mwisho juu kule inambana mwimbaji mdomo, sauti inatoka nyembamba kama mbu. Unajaribu "nalia." Silabi tatu, inaishia kwa "a", na ukiivuta unalia zaidi, hakuna hasara. Unaandika "Mwenzio nalia", unaenda kulala.

Miezi baadaye mtu anakwambia, "Pale uliposema nalia, nilijua yametoka moyoni." Yalitoka kwenye irabu, ndugu yangu. Mtu wako wa mwanzo alikuwa anakufa.

Kitabu cha Cahn kimejaa mambo ya aina hii, na ndiyo maana nakithamini kuliko tawasifu za wanamuziki wanaotueleza walivyotazama bahari. Nani aliimba, koo lake likoje, mtayarishaji alitaka nini, nini kilikataliwa. Kwangu huo ndio ukweli wa nyimbo zake.

Hata hivyo sikiamini chote. Cahn alikuwa mtu wa jukwaani. Mwaka ule ule wa 1974 alipanda jukwaa la Broadway, New York, na onyesho la kuimba nyimbo zake na kusimulia zilivyozaliwa. Visa vyake vimeng'aa kwa kusimuliwa. Kila kimoja kinaishia penye kicheko, na kila wimbo ndani yake unaandikwa haraka. Mtunzi anayejisifu kwa wepesi namtilia shaka, kwa sababu ninajua mteja hupenda kusikia hivyo. Sidhani anadanganya. Nadhani ameacha nje zile saa za "taabani".

Na yapo mambo yanayonipinga. Ndugu wawili Robert na Richard Sherman, walioandika nyimbo za filamu ya *Mary Poppins* ya mwaka 1964, nao wana tawasifu yao. Julie Andrews, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, hakuupenda wimbo mmoja waliomwandikia, ukahitajika mwingine wa kuchangamka. Wamekwama. Mtoto wa Robert akarudi kutoka shule, akamweleza baba yake kwamba amepewa chanjo ya polio, haikuuma, waliidondoshea kwenye donge la sukari. Ukatoka wimbo wa kijiko cha sukari kinachoteremsha dawa. Hapo maisha ya mtunzi yameingia wazi kabisa. Nitajitetea kwamba yaliingia kwa mlango wa agizo, kwamba bila Andrews kukataa, donge lile lingeyeyuka bila habari. Ni utetezi wa haki. Ila nakubali kwamba agizo peke yake halikuwa na sukari.

Linalonisumbua hasa ni dogo zaidi. Mwaka 1945, kwa filamu ya *Anchors Aweigh*, Cahn na Styne walimwandikia Sinatra *I Fall in Love Too Easily*. Wimbo wa kawaida wa enzi ile ulikuwa na vipimo 32 vya muziki (Wazungu huviita *bars*). Huu una 16. Cahn anasimulia kwamba alipofika mstari wa mwisho, Styne alimtazama kama anayeuliza, ndiyo basi? Cahn akaona limekwisha semwa, akaacha, na hata baadaye alisema angeacha pale pale tena.

Nimejaribu kulieleza hilo kwa hoja zangu zote, na hazifiki. Hadithi ingeweza kubeba wimbo mrefu zaidi. Redio ingependa urefu wa kawaida. Sinatra koo alikuwa nalo. Mwenzake alikuwa tayari kuendelea. Hakuna bwana hata mmoja aliyeagiza ufupi ule, na ufupi ule ndio wimbo. Nilimpelekea swali hili mpiga kinanda mmoja hapa Tanga, mtu mzima anayezijua nyimbo hizo kuliko mimi, nikitegemea anipe neno la busara. Akaniambia labda jamaa aliishiwa vina. Nimelifikiria sana hilo, na siwezi kulikanusha.