Leza kwa maji ya sikio la kati: tundu la wiki chache

Siku hizi mzazi anafika kliniki akiwa ameshaangalia video kwenye simu. Anampakata mtoto, na kabla sijashika kifaa cha kuangalia sikio ananiuliza: "Daktari, si umpige leza tu tumalize?" Leza, yaani mwanga mkali, hutoboa ngoma ya sikio ili hewa iingie; kwa hiyo jibu langu linategemea sikio la mtoto huyo linahitaji hewa kwa muda gani.

Maji tunayoyazungumzia si ya kuogelea Coco Beach. Yanatengenezwa humo humo, nyuma ya ngoma ya sikio, pale mrija unaotoka nyuma ya pua unaposhindwa kupitisha hewa. Kwa watoto mrija huo ni mfupi na umelala, mafua hayaishi, na mara nyingi nyama za pua zimevimba jirani yake. Yakikaa sana, maji hayo hunata na kuvutika kama mlenda wa bamia. Mtoto hana homa, wala halalamiki maumivu. Anaongeza sauti ya televisheni, na katika darasa lililojaa, akiwa dawati la nyuma, anaitwa mkaidi. Mafuta ya nazi ya uvuguvugu na maji ya kitunguu saumu (mabibi wanisamehe) hayafiki huko, kwa sababu ngoma imeziba njia.

Kwa watoto wengi hukauka yenyewe ndani ya miezi 3. Kwa hiyo tunasubiri, tunapima usikivu, tunapima tena. Yakibaki masikio yote mawili na usikivu umeshuka, hapo ndipo tunazungumza kutoboa.

Kutoboa ngoma ni jambo la zamani: Astley Cooper wa London aliliandikia taarifa mwaka 1801. Shida ni kwamba mpasuko wa kisu hujifunga ndani ya siku chache, na maji yanarudi. Ndiyo maana mwaka 1954 Beverly Armstrong, daktari wa Marekani, alianza kuacha kijibomba cha plastiki kwenye ngoma. Vijibomba vya kawaida hukaa kama miezi 6 hadi 12, kisha hutoka vyenyewe.

Leza imeangukia katikati ya hivyo viwili. Inayotumika zaidi ni ya kaboni dayoksaidi, yenye mwanga usioonekana, wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6. Mwanga huo hufyonzwa sana na maji, na ngoma ya sikio, kama tishu nyingine, ina maji tele. Kwa hiyo kipande kidogo cha ngoma huvukizwa kwa sehemu ya sekunde, likabaki tundu la mviringo la kama milimita 2, karibu bila damu. Kingo zake zimeungua kidogo, hivyo huchelewa kujifunga, aghalabu wiki 2 hadi 4. Kinachonifurahisha ni kwamba yale maji tunayoyalaumu huwa ngao: humeza mwanga uliopitiliza kabla haujafika ukuta wa sikio la ndani. Sikio kavu halina ngao hiyo, na hapo nasita zaidi kuipiga. Miwani ya kinga ni lazima kwa kila aliyemo chumbani.

Je, wiki hizo zinatosha? Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi walichapisha majaribio ambamo mtoto alipata leza sikio moja na kijibomba sikio la pili. Leza ilifanikiwa kwa takriban asilimia 40, kijibomba asilimia 78. Kwa mtoto ambaye maji yamekaa miezi, kwangu hesabu hiyo inatosha kuchagua kijibomba. Sifa kubwa ya leza ni kufanyika kwa ganzi ya juu ya ngoma tu, lakini mtoto wa miaka 3 anayerusha mateke atahitaji dawa ya usingizi vilevile. Akishalala, namwekea kijibomba, na nyama za pua zikihitaji kutolewa tunazitoa hapo hapo. Mashine yenyewe ni ghali, na mwishowe anayeilipia ni mgonjwa.

Leza naiona ikimfaa mtu anayeweza kutulia: mtoto mkubwa, au mtu mzima aliyebaki na maji baada ya mafua na ambaye wiki chache za hewa zitamtosha. Ila mtu mzima mwenye maji sikio moja tu, bila sababu inayoeleweka, kwanza nampitishia kamera puani. Uvimbe nyuma ya pua, saratani ikiwemo, unaweza kuziba mrija ule ule, na siigusi ngoma yake mpaka nimepaona hapo.