Je, wajua? Mnyoo yuko kwenye ini, mkojo unamjuaje?

Aliyesoma shule ya msingi Tanga, hasa pande za Muheza, hahitaji kuelezwa habari za kikopo cha mkojo. Tulipanga foleni kupimwa kichocho, na kazi ya kile kikopo nilidhani naijua: kutafuta mayai. Basi niliposikia kwamba kaskazini mashariki mwa Thailand mnyoo bapa wa ini hupimwa kwa mkojo, nikajijibu bila kusita kuwa mayai yake nayo hushukia kwenye kibofu. Nikamweleza hivyo hata jirani yangu wa buchani, ambaye minyoo bapa wa ng'ombe huwaona kwenye maini.

Nilikosea. Minyoo wa kichocho cha mkojo hukaa kwenye mishipa ya damu ya kibofu, na mayai yao hupenya ukuta yakaingia kwenye mkojo, mengi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Huyu wa Thailand, Opisthorchis viverrini, makao yake ni mirija ya nyongo. Mayai yake hufuata nyongo hadi utumbo na kutoka na choo. Chuja mkojo wa kijiji kizima, yai hupati.

Mkojo una nini basi? Chukua kifumbu. Ukikamua nazi, machicha hubaki na tui hupita, lakini tui limebeba ladha ile ile ya nazi. Figo ndiyo kifumbu. Mnyoo aliye hai hula, hutema na hujisaidia humo humo. Protini zake huingia kwenye damu, na baadhi, au vipande vyake, hupenya hadi kwenye mkojo. Hizo ndizo antijeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen hutandaza kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa kitu maalumu, chini ya vishimo vya sahani ya plastiki: antijeni hunasa kama changu kwenye ndoano, mengine yakaoshwa, kisha kingamwili nyingine huleta rangi. Kipo pia kikaratasi cha mstari, mithili ya kile cha mimba.

Kupima kingamwili za mgonjwa kwenye damu kuna kasoro: ni kama harufu ya udi, mgeni ameshaondoka yenyewe bado imo chumbani. Antijeni ni mgeni mwenyewe.

Ila mkojo ukisema yupo na choo kisionyeshe yai, nani aaminiwe? Minyoo wachache hutaga machache, nayo ni ya kama milimita 0.027 tu, darubini huyapita. Lakini protini za minyoo bapa wengine nazo huweza kufanana na zake. Shaka hiyo si ndogo, kwani mnyoo huyu, ambaye mtu humpata kwa kula samaki wabichi wa maji baridi, alitangazwa kisababishi cha saratani mwaka 1994.

Nilirudi buchani kujisahihisha. Jirani akauliza kama ng'ombe naye hupimwa hivyo. Kwa ng'ombe, antijeni husakwa kwenye kinyesi. "Afadhali," akasema, "nani angemshikia kikopo?"