Bosi mnyenyekevu si lazima awe bosi mpole

Waulize wafanyakazi wakutajie bosi mnyenyekevu. Watakutajia yule anayewasalimia walinzi getini, anayekula kwa mama ntilie na wenzake, asiyepandisha sauti. Ni mambo mazuri, lakini hiyo ni adabu, na mtu mwenye adabu anaweza kuwa kiongozi mbinafsi kabisa. Mimi huangalia mambo mawili: nani ana uwezo wa kumzuia anapokosea, na lawama ikija inaishia kwa nani.

Dhana: Bosi akijishusha, walio chini watampanda kichwani

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote, na imeua watu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Uhispania, rubani mkuu wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, alianza kuondoka kwenye ukungu bila kibali cha kuruka. Fundi aliyekuwa naye ndani aliuliza kama ndege ya Pan Am, shirika la Marekani, imeshatoka njiani. Rubani, aliyekuwa mkufunzi mwandamizi katika shirika lake, alijibu kwa mkato kwamba imetoka. Hakuna aliyebisha tena. Ndege hizo mbili ziligongana, wakafa watu 583. Baada ya hapo mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani wakuu kusikiliza, na wasaidizi wao kusema mpaka wasikike. Heshima ya rubani mkuu haikupungua hata chembe.

Mfano wa pili uko nyumbani. Hospitali ya Ifakara, mkoani Morogoro, ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizoijaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi yake, kisha mambo ya msingi husomwa kwa sauti huku daktari bingwa naye akisikiliza. Matokeo ya hospitali zote nane kwa pamoja yalitolewa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Sisemi kujitambulisha peke yake ndiko kulikookoa maisha, kwa sababu orodha inakumbusha pia dawa za kuzuia maambukizi na mengine mengi. Lakini orodha hiyo ina faida gani kama muuguzi anaogopa kusema, "Daktari, subiri kidogo"?

Ofisini kwetu hakuna kisu wala ndege, ila woga ni uleule. Mhasibu kijana ameona hesabu haikai sawa, anameza mate, anapitisha. Dawa moja ninayoiamini: kwenye kikao, bosi azungumze mwisho. Akishatoa maoni yake kwanza, wanaofuata wengi watakuwa wanaunga mkono hoja tu.

Dhana: Mnyenyekevu hana ubavu wa maamuzi magumu

Miaka ya 1970, watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, katika msako wa kukomesha mauaji. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, hakuwa amemgusa mtu yeyote. Alijiuzulu, kwa sababu waliofanya hayo walikuwa chini ya wizara yake. Kuachia uwaziri kwa kosa ambalo mkono wako haukulitenda ni uamuzi mgumu kuliko kumfukuza mtu kazi. Mwaka 1985 mtu huyohuyo akawa Rais wa Tanzania. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, na kwa meneja maana yake ni hii: barua ya kujieleza ikitoka makao makuu, anaijibu yeye, halafu ndipo anakaa na kijana wake faraghani na kumwambia ukweli bila kumficha.

Dhana: Unyenyekevu ni wa kuzaliwa nao

Si kweli. Marubani walifundishwa darasani.

Dhana: Kujitoa ni kubeba kila kitu mwenyewe

Huyu tunamsifu sana: wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka, kila barua lazima aione, hajachukua likizo miaka. Naumia ninapomwona, kwa sababu anajichosha kwa nia njema huku akiwanyima walio chini yake nafasi ya kujifunza. Kukaimisha ofisi kikwelikweli, pamoja na mamlaka ya kusaini, kunamdai aachilie kitu anachokipenda kuliko usingizi wake, nacho ni kuhitajika. Basi aende likizo yake yote, na aliyekaimu akiamua jambo tofauti na ambavyo yeye angeamua, mradi hajavunja utaratibu, asilitengue siku anaporudi. Na ripoti iliyoandikwa na kijana ipelekwe juu ikiwa na jina la kijana huyo.