Kinyago cha risasi ni nini, na kwa nini cha zamani kinapendwa?

Kinyago cha risasi ni kijisanamu cha metali chenye urefu wa milimita 25 hadi 28 hivi, sawa na pingili ya juu ya kidole gumba. Ni askari, mchawi au zimwi wa kuchezea michezo ya mezani ya vita na visa vya kubuni. Michezo hiyo ilishika kasi baada ya mchezo wa Dungeons & Dragons kutolewa Marekani mwaka 1974, na viwanda kama Ral Partha cha hukohuko na Citadel cha Uingereza vikamimina vinyago kwa wingi.

Huitwa cha risasi kwa sababu zamani kilimiminwa kwa metali ya risasi iliyochanganywa na bati. Ukishamwona mvuvi wa Mikindani akiyeyusha risasi kwenye kopo na kuimimina kwenye kitundu cha mchanga apate chubwi la mshipi wake, umeona nusu ya kazi. Kiwandani, badala ya mchanga kuna kalibu ya mpira inayozungushwa kwa kasi, metali isukumwe mpaka ncha ya pua.

Lakini kabla ya kalibu yupo mchongaji, na utamu wote uko kwake. Huchukua kinamo cha sehemu mbili, bluu na njano, akakikanda mpaka kiwe kijani. Hukivika kwenye mifupa ya waya, kisha hufinya na kuchora kwa sindano kabla hakijawa kigumu. Hufanya hivyo kwa kimo kilekile utakachokishika wewe. Leo wengi huchonga kwenye kompyuta: uso unakuzwa hadi ujaze kioo, nusu inachongwa, nusu ya pili ni nakala yake iliyogeuzwa tu.

Zimwi langu la zamani halina nusu mbili zinazofanana. Jicho la kushoto limepanda, meno yamekwenda upande, na kwenye mkunjo wa shavu unaona sindano ilipopita mara moja ikaachwa. Kwetu Mtwara jambo hili tunalijua. Anayevifahamu vinyago vya Kimakonde hutazama namna mdomo ulivyokatwa akamtambua fundi. Wapenzi wa vinyago vya risasi nao humtambua mchongaji Kev Adams kwa nyuso za mazimwi yake. Tofauti ni kwamba shetani wa mpingo ni mmoja tu, ilhali zimwi la risasi lina ndugu maelfu, na wote wamebeba alama za mkono uleule. Kwangu hilo halipunguzi thamani yake hata kidogo.

Kuanzia miaka ya 1990 viwanda vingi viliacha risasi kwa kuwa ni sumu. Cha zamani usimpe mtoto, na ukikishika nawa mikono. Kikianza kutoa unga mweupe, kitoe kwenye kasha la mbao lililofungwa: mvuke wa asidi wa mbao huila risasi, na unyevu wa pwani huharakisha.