Chai ya rangi haikaushi damu

Mgonjwa ana Hb (hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ambayo hutengenezwa kwa chuma) ya 9, yaani damu imepungua, na kabla sijafungua faili ameshajitetea: "Daktari, chai ya rangi nimeacha. Nimeambiwa inakausha damu." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Chai ameacha miezi mingi sasa, badala yake anakunywa soda. Hb haijapanda. Hedhi yake inapita wiki nzima kila mwezi, na hilo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hakuna kitu ndani ya chai kinachokausha damu. Kazi yake inafanyika kwenye utumbo, na inahusu chuma kilichomo katika mlo huo tu. Polifenoli za chai, yaani kemikali za asili za majani yake, zikiwemo tanini, hukinasa chuma kabla hakijafyonzwa sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, kikaishia chooni. Chuma kilichokwisha kuingia kwenye damu, ini au uboho hakiguswi. Ukitaka kuona kwa macho yako, ponda kidonge cha chuma ukikoroge ndani ya chai ya rangi iliyokolea. Rangi ile nyekundu nzuri inapotea, inabaki nyeusi ya kijivu. Wino wa kale ulitengenezwa hivyo hivyo, kwa chuma na tanini. Sasa fikiria wajawazito wangapi wanameza vidonge vyao kwa chai ya asubuhi. Hao ndio ninaogombana nao kweli, maana dawa wanayo na wanaitupa wenyewe.

Lakini si chuma chote kinachonaswa. Cha nyama na samaki, yaani cha hemu, kina mlango wake na chai haikisumbui sana. Kinachoathirika ni cha maharage, dengu, nafaka na mboga za majani. Kikombe kimoja kikinywewa pamoja na mlo wa namna hiyo kinaweza kupunguza ufyonzwaji kwa zaidi ya nusu. Kutia maziwa hakusaidii, ingawa wengi wanaamini kunasaidia. Kinachosaidia ni kuachanisha. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017, kwa kundi dogo la wanawake, ulionyesha kwamba chai ikisubiri saa moja baada ya chakula, madhara yanapungua sana. Saa moja tu! Hakuna aliyeambiwa aache chai maisha yake yote. Na ukila chungwa au pera pamoja na maharage, vitamini C inavuta upande wa pili, inasaidia chuma kufyonzwa.

Kuna jambo ambalo vitabu vyetu hulipita haraka. Takwimu zile za kutisha zimetokana na majaribio ya mlo mmoja: mtu analishwa mkate wenye chuma kilichotiwa alama, kisha kinapimwa kilichoingia. Wanapofuatiliwa watu wenye afya wanaokula mchanganyiko wa vyakula, feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ya wanywaji wa chai mara nyingi haipishani sana na ya wengine. Mwili wenye akiba ndogo hushusha hepsidini, homoni inayozuia chuma kuingia, na kufyonza zaidi, hivyo hasara ya mlo mmoja si lazima iwe hasara ya mwaka. Kwa hiyo hata mimi nina shaka kama ile saa moja ina uzito kwa mtu mwenye akiba ya kutosha. Kwa mjamzito, kwa mtoto mdogo na kwa asiyekula nyama, sina shaka: waachanishe.

Na faida je? Zipo, ila ni za kiasi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2012 liliwapa watu vikombe vitatu vya chai nyeusi kwa siku kwa miezi sita, shinikizo la damu likashuka kwa milimita 2 hadi 3. Ni kidogo kwa mtu mmoja, haibadilishi dawa zako. Mwaka 2022 ukachapishwa uchambuzi wa watu karibu 500,000 wa Uingereza: wanaokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa asilimia 9 hadi 13. Huo ni ufuatiliaji, si jaribio, hivyo usimwambie mtu kwamba chai inarefusha maisha. Maji ya chai nayo ni maji, yanahesabika. Sukari unayotia nayo inahesabika. Ila ipoe kidogo: vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 vimewekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, yaani saratani ya koo la chakula.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kikombe kinabeba lawama na ugonjwa unajificha nyuma yake. Hb ikiwa chini, ulizeni kwanza damu inatokea wapi: hedhi nzito, minyoo ya safura, vidonda vya tumbo, dawa za maumivu zinazomezwa kila siku. Mwanamume mtu mzima, au mwanamke aliyekoma hedhi, akipungukiwa chuma achunguzwe tumbo na utumbo mpana, maana damu inaweza kuwa inavuja huko taratibu bila kuonekana, na wakati mwingine chanzo ni saratani. Huyo akiambiwa aache chai kisha arudi baada ya miezi mitatu, amepotezewa miezi mitatu ya matibabu.