Feroelektriki haimaanishi chuma: kuhusu madini ya risasi yaliyo ndani ya kiwashio chako cha gesi

Bonyeza kiwashio cha jiko la gesi. Ile "tak" ni nyundo ndogo inayogonga kipande cha kauri, na kauri inatema cheche. Mara nyingi kauri hiyo ni PZT (mchanganyiko wa risasi, zikoni, titani na oksijeni), ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, yenye sumu. Tangu suala la risasi lianze kuzungumzwa tunapokea maswali mengi, na mengine, tuseme ukweli, yanachosha. Kuna wanaouliza kama PZT ina chuma kwa kuwa huitwa feroelektriki, yaani kitu chenye upande chanya na upande hasi wa umeme ndani yake, ambao unaweza kugeuzwa kwa umeme. Jina hilo halimaanishi chuma. Limeigwa kwenye sumaku tu, basi.

Wanaodai Ulaya imepiga marufuku kauri hizi hawajasoma sheria. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2011/65/EU linaweka kikomo cha asilimia 0.1 ya risasi, kinachopimwa kwa kila malighafi moja moja, si kwa kifaa kizima. Kauri za vifaa vya umeme zimepewa msamaha wa muda. Anayetaka uongezwe muda hupeleka ombi angalau miezi 18 kabla haujaisha, na msamaha huendelea hadi uamuzi utoke.  

Mbadala wa PZT unaotafutwa ni feroelektriki za fuwele za molekuli, yaani fuwele zilizojengwa kwa molekuli badala ya kauri, na mtihani wake wa kwanza ni joto. Chumvi ya Rochelle, ambayo Joseph Valasek aliichunguza Minnesota mwaka 1920, hupoteza sifa yake ya feroelektriki ikipita nyuzi 24. Kwa joto la Dar es Salaam, chumvi hiyo ingeshapoteza sifa hiyo kabla ya saa nne asubuhi.

Mwaka 2013 watafiti wa China walionyesha chumvi ya bromini inayohimili hadi nyuzi 153. Mwaka 2017 ikaja fuwele chotara, molekuli za kaboni zikiwa zimeshikana na minyororo ya manganizi na klorini: kikomo chake ni nyuzi 133, na ikibanwa hutoa chaji karibu sawa na bariamu titaneti, kauri ya feroelektriki isiyo na risasi. PZT huchomwa kwa zaidi ya nyuzi 1,000. Fuwele hizi huoteshwa kwenye kimiminika kinachoachwa kikauke polepole.

Ila kinachoyeyuka kwenye maji, kama chumvi hizi, huogopa unyevu, na hapo kazi bado ipo.

Kwa sasa endeleeni kutumia viwashio vyenu. Kikiharibika, usikichome pamoja na taka.